Kete ya Sitini na Nne

Nyumbani kwetu ilikuwa marufuku kunawa uso kabla ya kusema ndoto. Mama aliamini kwamba maji yanaondoka nayo, na ndoto iliyoondoka na maji humwendea mtu mwingine asiyehusika, ikamsumbua bure. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya uji na kabla ya jembe, sisi watoto watano tulikaa kwenye mkeka na matongotongo yetu, na mama akatupitia mmoja mmoja kuanzia mkubwa. "Umeonyeshwa nini?" Mimi nilikuwa wa nne. Nimefika shuleni na uso mchafu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa sababu kaka yangu mkubwa alikuwa na ndoto ndefu.

Mama alizipokea ndoto zote kwa uzito mmoja. Harusi ilikuwa msiba na msiba ulikuwa harusi. Nyama mbichi ilikuwa ugonjwa, maji safi yalikuwa kupona. Mbuzi walikuwa wakwe, na kwa nini iwe hivyo hakuwahi kutueleza, ingawa baada ya kuolewa nilianza kumwelewa. Baba peke yake ndiye aliyekuwa haoti. Akiulizwa alijibu, "Nimelala," na mama alilipokea hilo nalo, akaenda kwa mtu wa pili.

Baba na mama walivuka mto Malagarasi wakiwa vijana, wakaingia upande huu wakitoka Burundi na chungu kimoja, jembe moja na bao. Watu wengine walivuka na vitu vya maana zaidi. Bao lenyewe baba alikuwa amelichonga kwa mti wa mninga, mashimo thelathini na mawili, na kete zake sitini na nne zilikuwa mbegu nyeusi za porini, ngumu kama mawe. Wakalima kijijini Kitanga, wakazaa Kitanga, na miaka mingi baadaye walipopewa uraia baba alisherehekea kwa kufungwa na mama michezo mitatu mfululizo.

Walicheza kila jioni, kazi za shamba zikiisha. Kwa mama hata bao lilikuwa na habari za kusema. Kete ikidondoka chini, mgeni yuko njiani. Mchezo ukiisha upesi, kuna mtu anazungumziwa mahali. Shimo likibaki na kete mbili tangu mwanzo hadi mwisho bila kuguswa, kuna wanandoa hawasemeshani, na mama alianza kuwataja majirani mpaka akawapata. Alisoma ishara kwenye kuchambua maharage na kwenye kufuma vitambaa vya makochi. Baba hakusoma kitu chochote. Yeye alikuwa anaiba.

Aliiba kete moja, kila jioni. Aliibana kati ya kidole cha mwisho na kile cha pembeni yake, akacheza mkono umekunjwa kidogo kama mwenye baridi yabisi, kisha akaiachia pale ilipomfaa. Sisi watoto wote tulikuwa tunaona. Mama naye alikuwa anaona, na hakuwahi kusema neno, na bado alikuwa anamfunga. Nadhani ndiyo sababu hakusema.

Lazima nieleze pia habari ya kaka yangu wa pili, maana bila hiyo yaliyofuata hayataeleweka. Alikuwa na miaka kama tisa. Asubuhi moja, zamu yake ilipofika, alisema ameonyeshwa malaika amesimama karibu na jogoo wetu mwekundu, akisema, "Chinja." Sisi wengine tulinyamaza kwa matumaini. Mama akamuuliza, "Miguu yake ilikuwaje?"

"Alikuwa amevaa viatu," akasema kaka.

"Viatu gani?"

"Raba."

Mama hakumpiga. Hakumgombeza hata kidogo. Siku iliyofuata alimuuliza mkubwa ameonyeshwa nini, akamsikiliza, kisha akamuuliza wa tatu. Kaka alikuwa amekaa pale katikati na mdomo umeshafunguka. Siku ya pili yake ikawa vilevile. Tulikuwa tumetoka kupanda maharage ya Machi, na mama aliendelea kumruka hivyo hadi Krismasi. Alimpa chakula, alimfulia, alipougua homa alimbeba mgongoni hadi zahanati. Ila ndoto zake hakuziuliza. Kaka aliota kwelikweli miezi ile, unaweza kuliona hilo usoni mwa mtoto, na kila asubuhi alikaa na ndoto yake mkekani mpaka ikampotea. Asubuhi ya Krismasi mama akamwambia, "Na wewe mwana wanje, umeonyeshwa nini?" Mwana wanje, yaani mwanangu. Kaka alilia mpaka akashindwa kukumbuka alichoota.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyedanganya ndoto nyumbani kwetu. Tulidanganya mengine yote.

Baba alifariki miaka minane iliyopita, taratibu, kwa ugonjwa wa kifua. Tulipomaliza matanga mama aliomba bao lake, akazimwaga kete mkekani na kuzihesabu. Zilikuwa sitini na tatu. Tulitafuta kila mahali. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayekaa na mama mpaka leo pamoja na wanawe watatu, aliwalaumu kuku. Mimi niliwalaumu wanawe. Mama hakumlaumu mtu, jambo ambalo lilitushangaza, akaweka punje ya haragwe mahali pa kete iliyopotea. Lile haragwe wadudu walilitoboa, likawekwa lingine, nalo wakalitoboa. Mwishowe mimi nilimletea kifungo cha shati.

Vifungo ninavyo vingi. Mimi ni fundi cherehani mjini Kasulu, kwenye baraza la duka la mzee mmoja Mwislamu aliyetoka pwani zamani na bado analalamika kuhusu baridi yetu. Nashona sare za shule na vitenge vya kwaya. Siku nilipompelekea mama kile kifungo alikipapasa kwa dole gumba, akasema kinafaa. Alikipapasa kwa sababu wakati huo alikuwa tayari haoni vizuri.

Jicho la kulia lilikuwa limekwisha tangu tukiwa watoto, alichomwa na mwiba akikata kuni. Alikuwa amebaki na la kushoto, na la kushoto likaanza kuingia ukungu. Mwanzo alisema ni moshi. Kisha akasema ni vumbi. Baadaye akaacha kusema. Nikamleta Kasulu kwa daktari, akamulikwa, tukaambiwa ni mtoto wa jicho na anaweza kutolewa, ila si pale Kasulu. Mwaka huu likawa jeupe kabisa. Mama akawa anajua mchana kwa joto, na watu kwa nyayo zao. Bao aliendelea kucheza kwa vidole, na bado alikuwa anatufunga, ila siku moja nilimkuta anacheza peke yake huku ubao ukiwa umegeuzwa, upande wake uko kule kwa mpinzani. Nilikaa pembeni nikamwangalia kwa muda. Sikuweza kumwambia.

Ndipo redio ikatangaza kwamba madaktari wa macho wanakuja Kibondo kwa wiki moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Tulikuwa na siku kumi za kujiandaa. Jumapili iliyofuata nikaenda Kitanga kumwambia mama, naye akakubali bila ubishi. Nikalala usingizi mzuri sana. Asubuhi, mkekani, mama akaniuliza mimi na mdogo wangu, akawauliza wajukuu, kisha akasema na yeye ameonyeshwa.

"Mtu aliyevaa nguo nyeupe ameingia humu ndani. Ameikuta taa mezani inawaka. Ameipuliza, ametoka nayo."

Hakuna aliyemuuliza maana yake. Mtu wa nguo nyeupe ni daktari, na taa ndani ya nyumba ile ilikuwa moja tu.

Mimi nilijitahidi. Nilimwambia, "Mama, huwezi kuisafisha chimni ya taa inayowaka. Lazima uipulize kwanza. Huyo mtu ameitoa nje akaifute." Mpaka leo naona ile ilikuwa tafsiri nzuri, na hakuna aliyenipongeza. Mama alisema ndoto ni yake na pumzi ile aliisikia kwenye shavu. Jumatano kina mama wa maombi wakaja, wakaisikiliza, wawili kati yao wakalia. Basi ndoto ikawa imepitishwa.

"Imana imeshasema," mama akaniambia, akimtaja Mungu kwa lugha ya kwao. "Jicho lililobaki ni moja. Nikilipeleka likazimwa, nitamlaumu nani?"

Hata mimi niliogopa. Lakini nilikuwa nimeuona ule ubao uliogeuzwa.

Kwa mama ndoto haipingwi kwa maneno. Inapingwa kwa ndoto. Mtu akionyeshwa jambo, na mwingine wa nyumba hiyohiyo akaonyeshwa kinyume chake, ile iliyokuja nyuma ndiyo nzito, kwa sababu Mungu ana haki ya kuongeza neno. Huo ndio utaratibu. Kwa hiyo nilirudi Kasulu nikiwa na kazi moja ya kufanya, nayo ilikuwa kuota.

Sijui kama umewahi kujaribu kuota kitu maalumu. Usiku wa kwanza nilikula ugali wa muhogo na maharage mpaka nikashindwa kuinama, maana nilisikia shibe inaleta ndoto. Nilionyeshwa sketi ya shule yenye mifuko kumi na mmoja. Usiku wa pili niliweka koti la zamani la baba chini ya mto. Nilimshonea mbuzi shati la mikono minne, na mbuzi akasema linambana kwapani. Nikafunga kula siku nzima, nikaomba, nikalala na njaa. Nikamwota baba, lakini si wangu, ni baba wa majirani, akiuliza kama tuna pampu ya baiskeli.

Siku ya nne nikamwendea mzee wa duka. Alikuwa anacheza drafti na mteja wake barazani, kwa vizibo vya soda, na kwa kweli yeye katika vizibo vile haoni ishara yoyote zaidi ya kwamba mpinzani wake ni mzembe. Nikamwamkia, nikamweleza yote.

"Ndoto ni za namna tatu, binti yangu," akasema. "Zipo za Mwenyezi Mungu, zipo za shetani, na zipo za tumbo."

"Zangu ni za wapi?"

"Mbuzi na shati?" Akasogeza kizibo. "Za tumbo."

Nikamuuliza, kana kwamba namuulizia mtu mwingine, itakuwaje mtu akisema ameota na hakuota. Akaacha kucheza. Akaniambia kwao hilo ni jambo zito sana, kwamba mwenye kusingizia ndoto siku ya kiyama atapewa punje mbili za shayiri aambiwe azifunge fundo, na hataweza, na ataendelea kuambiwa afunge. Mteja wake naye akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Shayiri sijawahi kuiona, lakini mfukoni nilikuwa na mahindi ya kukaanga, nikachukua punje mbili nikajaribu chini ya meza. Nimefunga mafundo ya kila aina kwa miaka ishirini. Haiwezekani.

Ile wiki ya madaktari ikaanza. Jumatatu ikapita, nikaota tairi. Jumanne saa kumi jioni nilifunga cherehani, nikaenda Kitanga, nikalala kitanda kimoja na mama. Nilimsikia akipapasa ukuta kutafuta mlango, akaupata, akatoka, akarudi, akapapasa tena mpaka akaupata mguu wangu. "Upo," akasema, akalala. Nikajua nitafanya.

Jumatano alfajiri tukakaa mkekani. Mdogo wangu, wanawe watatu, mimi. Kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa wa waliopo, zamu ya kwanza ilikuwa yangu.

"Mwana wanje, umeonyeshwa nini?"

"Nimemwona baba," nikasema.

Mdogo wangu akainua kichwa. Baba hakuwahi kuotwa na yeyote tangu azikwe, na hilo lilikuwa linamuuma mama, ingawa alilisema mara moja tu.

"Amekaa pale mlangoni," nikaendelea, "ana bao. Anahesabu kete. Zimefika sitini na tatu. Akasema moja haipo. Akasema ipo Kibondo, mwambie mama yako aifuate."

Nilikuwa nimeitunga kwa uangalifu, njia nzima kutoka Kasulu. Kete iliyopotea ni jicho. Niliona hata mtoto ataielewa. Nilijionea fahari kidogo, na nalisema hilo kwa aibu.

Uso wa mama ulikuwa umenielekea, lile jicho jeupe limefunguka wazi.

"Mikono yake ilikuwaje?" akauliza.

"Ilikuwa wazi, mama. Yote miwili. Alikuwa anahesabu kwa vidole."

"Ego," akasema. Yaani ndiyo. Akawauliza mdogo wangu na wajukuu nao wameonyeshwa nini, akawasikiliza wote, kisha akamwambia mdogo wangu amtafutie kitenge kizuri na amfungie bao lake kwenye kanga, kwa sababu kesho anakwenda Kibondo. Nilipaswa kukumbuka zile raba za malaika. Sikukumbuka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikanawa uso.

Alhamisi tulisafiri. Mama alipanda bodaboda hadi barabarani na bao kifuani, akakataa kunipa nilibebe. Kwenye gari aliuliza kama lami imefika hapa, na hapa, na hapa. Hospitalini tuliwakuta wazee wengi wamekaa kwenye mabenchi, nyuso zimeinuka juu kama watu wanaosubiri tangazo. Mama akapimwa, akaandikwa kwa ajili ya Ijumaa. Alicheza bao na mwanamke mmoja wa Kibondo ambaye naye alikuwa haoni, nikawa mwamuzi. Yule mwanamke alifungwa mara nne. Alimuuliza mama kama haogopi, na mama akajibu kwamba anaogopa sana.

Sikuwahi kumsikia mama akisema hivyo. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba. Kama jicho lile lingezimwa, basi mimi ndiye ningekuwa nimelizima, na kwa uongo. Nilifikiria kurudi ndani nimwambie ukweli, na bado kulikuwa na muda. Nilifikiria pia ule ubao uliogeuzwa. Nilisimama pale mpaka mtu akaniomba nisogee achote maji.

Ijumaa mtu aliyevaa nguo nyeupe alikuja, akamshika mama mkono, akatoka naye. Mlango ukafungwa. Haikuchukua muda mrefu, wanasema, hata nusu saa haikufika. Mimi niliimaliza sala ya Baba Yetu mara nyingi na kila nikifika mahali pa kusamehewa nilirudi mwanzo. Akarudishwa jicho limefunikwa kwa bandeji nyeupe, ametulia, ananuka dawa. Jioni alisema ana njaa.

Jumamosi asubuhi wakamfungua. Muuguzi alimwinulia vidole viwili akamuuliza ni vingapi, mama akasema ni viwili, na kucha zake zinahitaji kukatwa. Muuguzi akacheka. Mimi sikucheka, nililia, na nililia kwa sauti ambayo wazee wengine waligeuka kuitafuta ilipo. Mama akaniangalia. Alinikagua kuanzia kichwani.

"Umezeeka," akasema.

"Ndiyo mama."

"Unakula vizuri huko?"

"Nakula."

Tukakaa nje kwenye benchi kusubiri dawa za matone. Mama akaifungua ile kanga, akaweka bao mapajani, akazimwaga kete na kuanza kuzihesabu kwa jicho, taratibu, akinyanyua moja moja na kuigeuza kwenye jua. Alipokifikia kifungo akakiweka kwenye kiganja.

"Kumbe ni cha bluu," akasema.

"Nilikuwa na vya bluu tu siku ile."

Akaendelea kukiangalia. Kisha akaniambia, bila kuinua uso, kwa sauti ileile ya kusemea mambo ya mboga, "Kete ya baba yako haipo Kibondo. Anayo mwenyewe. Nilimwekea mkononi kabla hawajafunga sanduku, nikavikunja vidole vyake. Aliniibia ile kete kila jioni miaka yote hiyo, nikasema basi, safari hii aende nayo."

Muuguzi alipita na kuita jina la mtu mwingine.

"Ungemwona kweli," mama akasema, "ungeuona mkono umekunjwa."

"Ulijua tangu mkekani?"

"Tangu mkekani."

"Sasa kwa nini ulikuja, mama?"

Akakirudisha kifungo shimoni, akachukua kete nyingine akaigeuza. "Wewe hujawahi kunidanganya ndoto. Ulikuwa mtoto unaogopa hata kuongeza rangi ya kuku. Nikasema, huyu anajua nitamruka, alimwona kaka yake alivyokuwa, na bado amedanganya. Basi kuna kitu ameonyeshwa akiwa macho, na ni kikubwa kuliko taa yangu." Akafikiri. "Nilikichukulia kwamba ndilo neno lililoongezwa."

Nikamwambia habari ya ubao uliogeuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua siku ile kwamba kuna kitu hakiko sawa, alikuwa anajifunga mwenyewe kirahisi mno. Kisha dawa zikaja.

Tulirudi Kitanga Jumapili. Njia nzima alikuwa anasoma vibao kwa sauti, vya shule, vya makanisa, vya mahubiri yaliyokwisha zamani, na akiona shamba lililolimwa vibaya alisema. Nyumbani wajukuu walimkimbilia, akawashika nyuso mmoja mmoja akawaangalia, na mtoto wa mwisho akamuuliza bibi mbona unatuangalia hivyo. Mdogo wangu alipika kuku. Kina mama wa maombi walikuja wakaimba, na wale wawili waliolia mara ya kwanza wakalia tena. Nilikaa hadi kesho yake, kwa sababu matone lazima yawekwe kwa saa na nilitaka kuhakikisha mdogo wangu anajua.

Na alfajiri ya kuamkia Jumatatu, kwa bahati mbaya, niliota.

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Hakuwa na bao. Alikuwa amevaa lile koti lake, ananitazama, na hakusema kitu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa juu ya goti. Nikamwambia, baba, nionyeshe. Akatabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyekamatwa na hajali, na hakuufungua. Najua mzee wa duka angesema ni ya tumbo, maana nilikula kuku mwingi, na habari ya mkono nilikuwa nimeambiwa juzi yake tu. Pengine ni kweli. Lakini nilipoamka nilikuwa na harufu ya koti lake puani, na koti lenyewe lilikuwa Kasulu.

Tukakaa mkekani. Mimi kwanza, kisha mdogo wangu, kisha watoto. Sikuwa nimenawa. Mama akatoka chumbani, akavuta kigoda, akakaa mbele yetu na jicho lake jipya, jekundu kidogo pembeni, linang'aa. Aliniangalia. Sasa alikuwa anaona, kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba ni mimi anayeniangalia. Aliniangalia kwa upendo na kwa muda wa kutosha. Nadhani aliiona ile ndoto usoni mwangu, maana sisi wenyewe tulikuwa tunaiona usoni mwa kaka.

Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Umeonyeshwa nini?"

Ilikuwa mwezi wa tano. Krismasi ilikuwa bado miezi saba.

Mdogo wangu akasema yake, fupi. Watoto wakasema zao. Yule wa mwisho alikuwa ameota gari lenye mabawa ya bata, akaanza kulieleza tangu kiwandani. Nilisubiri mpaka akamaliza, kwa sababu si adabu kuinuka kabla ya wengine. Nikaenda kwenye ndoo, nikachota maji, nikanawa uso.